Uungwana wa manaiti ulikuwa wa nani?

Mkiona jamaa anamfungulia dem mlango wa gari, mnaandika eti huyo ni naiti wa ukweli. Wacha niwape stori ya manaiti wenyewe.

Tarehe 19 Septemba 1356, karibu na mji wa Poitiers, Waingereza walimteka mfalme wa Ufaransa, Jean wa Pili, vitani. Hawakumuua. Inasimuliwa kuwa usiku huo Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, alimkaribisha mezani na kumhudumia chakula yeye mwenyewe. Tamu, si ndio? Lakini mwaka mmoja tu kabla, Edward huyo huyo alikuwa amepita kusini mwa Ufaransa akichoma vijiji na kupora. Huko hakumpakulia mtu chakula.

Naona sababu ni rahisi: mfalme ni pesa. Naiti akimshika naiti mwenzake anamtunza, halafu anadai fidia. Ya Jean ilifika vipande milioni 3 vya dhahabu! Mwaka wa 1360, ili kusaidia kulipa, Wafaransa wakatoa sarafu mpya iitwayo franc (eeh, faranga ya Rwanda na Burundi imetoka kwa jina hilo), ikiwa na picha ya mfalme juu ya farasi, upanga mkononi. Yaani mtu aliyetekwa!

Mkulima naye alitozwa kodi na mabwana walioshindwa hata kumlinda. Mei 1358, wakulima kaskazini mwa Paris walichoka wakaanza kuchoma ngome. Sitawapamba, waliua hata familia za mabwana. Kiongozi wao, Guillaume Cale, aliitwa na Charles, mfalme wa Navarre, waje waongee kuhusu kusimamisha vita. Cale akaenda. Wakamkamata, wakamkata kichwa. Kumbe ahadi ya mwungwana kwa mkulima haikuhesabiwa. Watu wa Pwani watanielewa haraka, maana zamani mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Neno lenyewe lina matabaka ndani yake.

Jean aliachiliwa 1360, fidia ikiwa bado haijaisha. Mtoto wake, aliyeachwa kama rehani, akatoroka. Jean aliona ni aibu, akarudi London mwenyewe, na akafia huko Aprili 1364. Hapo nampa heshima yake, sina ubishi. Ila huwa namfikiria Cale zaidi, anavyotembea kuelekea kwenye kambi ya mfalme bila rehani yoyote, akiwa ameamini neno tu.