MiG Alley (mchezo wa kompyuta)

MiG Alley ni mchezo wa kompyuta unaoiga urushaji wa jeti za kivita katika Vita vya Korea (1950–1953). Ulitengenezwa na kampuni ya Uingereza, Rowan Software, na kutolewa mwaka 1999. Jina lake linatokana na anga ya kusini mwa Mto Yalu, ambako MiG-15 za Kisovieti zilipambana na F-86 Sabre za Marekani.

Utamu wake umo katika tofauti za ndege hizo mbili. MiG-15 hupanda upesi na kufika juu zaidi, ikiwa na mzinga mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23. Sabre ina bunduki sita za rasharasha, lakini hutulia zaidi inaposhuka kwa kasi. Kwa hiyo mwinuko ndio huamua nani mwindaji. Huko Eldoret, Kenya, umuhimu wa mwinuko kwa ndege unaeleweka bila darasa: uwanja wake wa ndege uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa nyepesi injini hupungukiwa nguvu. Ndiyo maana ndege huhitaji njia ndefu ya kurukia.

Jeti za enzi ya Vita vya Korea zilifika pia Afrika Mashariki. Ethiopia ilirusha Sabre. Kenya ilinunua Hawker Hunter kutoka Uingereza katika miaka ya 1970. Uganda ilikuwa na MiG-17, iliyotokana na MiG-15. Kadhaa ziliteketezwa na makomando wa Israeli huko Entebbe, Julai 1976.