Bafu la Bibi Zetu: Pishi ya Maji, Uani na Kariakoo ya Leo



Mimi ni fundi cherehani na mfanyabiashara hapa Kariakoo, na wateja wangu wengi ni mabibi harusi. Wanakuja kupima gauni, lakini mazungumzo yanaishia kwenye nyumba wanayohamia: pazia, kitanda, na siku hizi zaidi bafu. Kila mmoja anataka bafu la kisasa, na wengine wanataka lisiharibu mazingira. Jambo hilo linazungumzwa kama vile limeshushwa juzi bandarini. Ukweli ni kwamba watu wa pwani wamelijua kwa karne nyingi, na kabla hujatoa hela kwa fundi ni vizuri ujue walilijuaje.

Watu wa pwani walioga ndani

Kilwa Kisiwani kuna magofu ya Husuni Kubwa, jumba la kifalme la karne ya 14, lenye birika la kuogea la pembe nane. Gede, karibu na Malindi, nyumba za mawe zilikuwa na vyoo ndani, na mji ulikuwa na visima vyake. Unguja, Seyyid Said alijenga mahamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na baadaye Seyyid Barghash akajenga yale ya Hamamni, mjini.

Hayo ni ya wafalme na matajiri. Linalonigusa mimi zaidi ni birika la Lamu. Pembeni mwa bafu palijengwa birika dogo la maji lililopigwa chokaa, na chini yake palizamishwa bakuli la kaure. Ndani waliwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Wakati maji yanapungua, samaki walibaki salama kwenye bakuli. Hapakuwa na dawa ya kupuliza wala umeme. Mtu alichota kwa kata, akajimwagia, na maji ya birika hayakuguswa na uchafu.

Tusidanganyane, si kila cha zamani kilikuwa rafiki wa mazingira. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na tanuri lilikula kuni nyingi. Tuige utaratibu wao. Matumbawe na mikoko tuviache baharini.

Kipimo tunachokijua tayari

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Pishi hiyo ni ileile tunayoipima kila mwisho wa Ramadhani kwa zaka ya fitri: vibaba vinne. Kwa maji ni karibu lita tatu.

Linganisha na leo. Bomba la mvua likitoa lita 9 kwa dakika, ukisimama chini yake dakika kumi umetumia lita 90, yaani ndoo kubwa nne na nusu. Sisemi bibi harusi aliyepakwa singo na liwa aoge kwa lita tatu. Nasema tujue tumesogea umbali gani. Masomo na makungwi waliotufundisha kuoga janaba hawakuanza na bomba. Walianza na nia na mpangilio wa viungo, na ndoo moja ilitosha.

Uani wa Kariakoo

Jina la Kariakoo limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye mtaa ukajaa nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani. Uani ndiko kulikokuwa na jiko, choo na bafu. Jua liliingia, upepo ukapita, sakafu ikakauka. Maji ya kufulia yalimwagiwa mti au yakasafishia choo.

Lakini choo cha shimo kikikaribiana na kisima, maradhi hayako mbali. Mlipuko mkubwa wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianzia Dar es Salaam, na ulitukumbusha hilo kwa uchungu. Kwa hiyo sitamani kurudi kwenye shimo. Natamani jua, upepo na kubana maji.

Mfano mwingine mzuri ni soko letu lenyewe. Msanifu Beda Amuli alilipa jengo la mwaka 1975 miavuli mikubwa ya zege inayopitisha hewa na kupokea maji ya mvua. Leo maghorofa yamechukua nafasi ya nyumba za uani, na mvua ya masika inaishia barabarani.

Ruvu ikikauka

Jiji hili linakunywa zaidi kutoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, Ruvu Chini ukafuata miaka ya 1970. Oktoba 2022 mvua zilipokosekana mto ulipungua, na maji yakaanza kutolewa kwa mgao. Bafu la gharama bila maji likawa chumba cha kuwekea madumu. Aliyekuwa na simtanki, ndoo na kata aliendelea kuoga na kuswali kwa wakati.

Sasa panga bafu lako

Kwanza, hewa na mwanga. Dirisha la juu ni bora kuliko feni. Bafu linalokauka halina ukungu, na halihitaji dawa kali ambazo mwisho wake ni ardhini au baharini.

Pili, choo. Chagua tangi lenye vitufe viwili, lita 3 na lita 6. Matangi ya zamani humwaga lita 9 na zaidi kila mara.

Tatu, bomba la udhu na sinki litenganishwe na la choo. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyotumika kwa udhu wa faradhi ni safi, ingawa hayatawadhiwi tena. Yanafaa kwa maua na kusafishia choo.

Nne, kama una paa lako, weka mfereji na simtanki lenye mfuniko. Mbu wasipate mlango.

Tano, usibomoe kilicho kizima. Marumaru ambazo hazijapasuka zisugue, jaza upya viungo vyake, kisha nunua tu kilichopungua. Kifusi kidogo, gharama ndogo.

Na wewe uliyepanga chumba ghorofani usiyeruhusiwa kugusa bomba, mwambie fundi abadilishe mpira wa koki inayovuja, kisha nunua ndoo yenye mfuniko na kata nzuri ya kifuu. Hiyo ni zawadi ya harusi ambayo bibi yako angeitambua mara moja.

Israfu imekatazwa hata kwenye maji, na haba na haba hujaza kibaba. Allah azibariki nyumba zenu mpya na azijaalie twahara na utulivu. Amin.