Jinsi ya kumwongoza mtafiti chipukizi kuunda swali la utafiti

MADA si swali la utafiti. Wanafunzi wengi wa uzamili huchelewa kuhitimu kwa kutozingatia tofauti hii. Humwendea msimamizi na mada pana kama vile "Sheng jijini Nairobi", kisha hukusanya data bila kujua wanatafuta nini.

Swali faafu lina sifa tatu. Kwanza, hulenga jambo moja mahususi. Pili, laweza kujibiwa kwa muda na vifaa alivyo navyo mtafiti. Tatu, jibu lake halijulikani bado, na huenda likapinga matarajio yake.

Mfano mwafaka ni wa madaktari wawili Waingereza, Patrick Manson na Ronald Ross. Mnamo 1894, jijini London, Manson alimwonyesha Ross vimelea vya malaria kwa hadubini. Hakumtuma kuchunguza malaria kwa jumla, bali alimwelekeza kwenye swali moja: Je, vimelea hivyo huendelea kukua ndani ya mbu aliyefyonza damu ya mgonjwa? Ross aliporejea kazini nchini India mwaka 1895, waliendelea kuandikiana barua.

Manson alidhani kuwa mbu hufia majini na binadamu huambukizwa kwa kunywa maji hayo. Ross alilijaribu wazo hilo, likashindwa. Hata hivyo, swali lenyewe lilibaki imara. Tarehe 20 Agosti, 1897, mjini Secunderabad, aliona vimelea hivyo katika ukuta wa tumbo la mbu. Mwaka uliofuata alithibitisha, kwa kuchunguza malaria ya ndege, kwamba mbu hueneza ugonjwa huo anapouma. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Funzo kwa wasimamizi ni kwamba mlezi mwema huelekeza swali wala halazimishi jibu. Mwanafunzi aliyeleta mada ya Sheng na aulizwe: Sheng ya nani? Kipengele kipi cha lugha? Utakilinganisha na nini? Hatimaye mada ile yaweza kuzaa swali hili: Je, wanafunzi wa shule ya upili wanaozungumza Sheng nyumbani hukosea upatanisho wa ngeli katika insha kuliko wenzao wasioizungumza?

Sasa mwanafunzi huyo anajua insha za kukusanya, makosa ya kuhesabu na siku ya kukomea. Hata jibu likiwa "la", atakuwa amegundua jambo.