Nakala ya Mikumi

Pale Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Kilosa, huchora chui, tembo na ndege kwa rangi za mafuta. Huwauzia watalii watokao mbugani. Siku moja nilimwambia, "Mshikaji, wewe unanakili tu." Siku mbili hakunisemesha.

Kumbe nilikuwa nimelishwa mawazo ya usasa. Mmarekani Clement Greenberg aliandika mwaka 1960 kwamba uchoraji ushike kile kilicho chake peke yake, yaani ubapa. Kwa kipimo hicho Edward Saidi Tingatinga anapita bila taabu. Tangu mwaka 1968 hivi, hadi alipouawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972, alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi: mnyama, umbo bapa, basi. Lakini mhakiki wa usasa hudai pia upya. Wanafunzi waliorudia chui yuleyule je? Hapo anafunga daftari.

Wahakiki wa usasaleo wakaja na swali jingine: nani kakupa rungu la kuamua kipi ni halisi? Mwaka 1981, kule New York, Sherrie Levine alionyesha picha alizozipiga kutoka kwenye picha za Walker Evans. Nakala tupu! Zikaitwa sanaa, tena yenye fikra nzito. Sasa niambie, msomaji: kwa nini nakala ya New York iwe hoja, na ya Mikumi iwe urembo wa watalii tu?

Hata hivyo tusilewe. Levine alionyesha kwa jina lake. Mwaka 1984 jumba la MoMA lilipanga sanaa za Afrika kando ya kazi za akina Picasso, na Thomas McEvilley akalishutumu kwa kuziacha bila tarehe.

Nilirudi kwa rafiki yangu, nikamwomba radhi, nikamshauri aandike jina lake chini ya picha. Akacheka. "Jina langu nani atalinunua, bwana? Wao wanataka Tingatinga."

Nilikosa jibu. Je, wewe mwenzangu unayeanza kuandika, ungeuza kazi yako kwa jina la marehemu ili watoto wale?