Kipya Kinyemi: Habari za Datsun 1600 SSS

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimeishi miaka ya kutosha kuuona ukweli wa methali hiyo katika mavazi, katika nyumba, na zaidi ya yote katika magari. Lakini liko gari moja ambalo limekataa kuchakaa machoni pa watu waliolijua, nami ni mmoja wao. Gari hilo ni Datsun 1600 SSS. Katika kurasa hizi chache ningependa kueleza lilikotoka, kisha nijiulize kwa nini sisi tuliolizoea bado tunageuza shingo linapopita, ilhali magari ya leo yanalishinda karibu kwa kila kipimo.

Kampuni ya Nissan ilitoa gari hili huko Japani mwezi wa Agosti 1967. Nyumbani kwake liliitwa Bluebird, na mafundi walilijua kwa namba 510. Katika nchi za nje liliuzwa kwa jina la Datsun. Herufi zile tatu, SSS, zilikuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya saluni ya michezo iliyo bora kupita kiasi. Jina la majivuno, bila shaka, lakini ndani ya bodi ile ya mistari minyoofu, iliyofanana na sanduku la nguo, mlikuwa na mambo ya kustahili majivuno. Injini ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,595, ikilishwa na kabureta mbili. Uzito wa gari zima haukufika tani moja. Na jambo kubwa zaidi lilikuwa nyuma. Siku zile saluni nyingi za bei yake zilikuwa na ekseli moja ngumu, hivyo gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo lilishtuka. Katika saluni hii kila gurudumu la nyuma lilikuwa na springi yake na lilicheza peke yake. Kwa mtu anayeendesha kwenye lami nyoofu hilo ni jambo dogo. Kwa barabara zetu lilikuwa jambo kubwa.

Barabara zetu ndizo zilizolipa jina. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kuanzia mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapoanza, ili matope yamalize kazi ambayo vumbi na mawe havikuimaliza. Mwaka 1963, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mwaka 1968 yakawa saba tena. Nissan walianza kushiriki mwaka huohuo wa 1963, wakashindwa, wakarudi, wakajifunza. Hatimaye, katika Pasaka ya 1970, Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda wakiwa na Datsun 1600 SSS. Gari hilohilo lilitamba hata Marekani, ambako John Morton alitwaa ubingwa wa Trans-Am wa magari ya injini ndogo mwaka 1971 na 1972.

Ushindi wa 1970 ulikuwa na maana ya pekee kwa watu wa kawaida. Gari lililoshinda liliimarishwa kwa ajili ya mashindano, lakini umbo lake lilikuwa lile lile la gari lililosimama dukani. Karani au mwalimu mkuu aliyejibana kwa miaka kadhaa aliweza kulinunua, akapakia watoto na kuku wa sikukuu, akajua kwamba ndugu wa gari lake amevuka matope yaliyowashinda wengine.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa watu hao. Alilinunua Tanga mwaka 1974, likiwa limeshatumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Rangi yake ilikuwa nyeupe, na mjomba alilipangusa kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Ndipo ikaja miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba na vipuri vikatoweka madukani. Msomaji aliyeishi Tanzania wakati huo hahitaji kuelezwa foleni zile za sukari na sabuni. Magari mengi ya thamani kubwa kuliko la mjomba yaliwekwa juu ya mawe yakaota majani. Lake halikulala. Jumapili mchana magari binafsi yalikatazwa barabarani ili kuokoa mafuta, basi ndiyo ikawa siku ya kulifungua. Fundi wake wa Ngamiani alikuja na spana zake ndani ya kikapu. Gasketi zilikatwa kutoka kwenye makaratasi magumu ya maboksi. Platini zilisuguliwa kwa msasa mpaka zikang'aa. Mimi nilishika taa na kupokea nati moja moja, nikizipanga juu ya gazeti kwa namna zilivyotoka.

“Mjomba, sikiliza,” aliniambia injini ilipowaka, kwa maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. “Hiyo sauti ya kabureta ya nyuma. Imezidiwa na mafuta.”

Fundi alitabasamu, akageuza bisibisi robo mzunguko. “Sasa je, Mzee?” Mjomba akainamisha kichwa, akasikiliza kama mtu anayesikiliza kisomo.

Niliporithi mapenzi ya magari nilidhani nimerithi mapenzi ya mwendo. Leo naona kwamba nilirithi zile Jumapili.

Tangu biashara ilipolegezwa mwaka 1984, na zaidi katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yamejaa kwetu. Nami ninalo moja. Ni tulivu, linakula mafuta kidogo, halitoi moshi, na breki zake haziachi magurudumu yateleze. Usiku mmoja, kati ya Segera na Chalinze, taa ya njano iliwaka mbele yangu na injini ikalegea. Nilifungua boneti, nikakuta kifuniko cha plastiki kikubwa kama sinia. Kesho yake kijana wa gereji alichomeka kifaa chake, akasoma namba, akaniambia nibadilishe kidude kisichozidi kidole gumba. Nilimwuliza kilikuwa na ugonjwa gani. Akanijibu kwa adabu, “Mzee, kompyuta haisemi. Inasema kibadilishwe tu.” Nililipa, gari likapona, nami sikujifunza lolote.

Lakini haki ni haki, na hapa lazima niseme lile ambalo wapenzi wa magari ya kale hulikwepa. Mwaka 1986 mjomba aligonga ng'ombe usiku karibu na Mkata. Kifua chake kiligonga usukani. Mfuko wa hewa wa kumkinga haukuwapo, na mkanda hakuwa na mazoea ya kuufunga. Mbavu tatu zilivunjika. Gari lilinyooshwa bodi kabla ya yeye kuruhusiwa kutoka hospitali, likarudi barabarani. Mjomba mwenyewe hakupumua vizuri tena mpaka alipofariki mwaka 1991. Gari langu la sasa huenda lingemwokoa. Kila ninapowasikia wazee wenzangu wakisema magari ya leo ni makopo matupu, nakumbuka kikohozi kile, nami hunyamaza.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba Datsun ni bora. Nasema jambo dogo zaidi: lilijulikana. Mtu asiye mhandisi, akiwa na masikio, mikono na rafiki fundi, aliweza kukielewa chombo kinachombeba yeye na watoto wake. Nadhani hiyo ndiyo siri ya watu wanaohangaika na magari haya mpaka leo, na ya mashindano ya magari ya kale yaliyoanzishwa Kenya mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari ya kwanza. Tumepewa usalama, tukatoa ule ujuzi. Biashara hiyo si mbaya, ila tuliifanya bila kuambiwa bei.

Gari la mjomba liko uani kwangu. Wajukuu siwapandishi kwenda nalo barabara kuu. Kwa safari hizo tunafunga mikanda ndani ya lile jipya. Lakini Pasaka iliyopita mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka kumi na miwili, alisugua platini mwenyewe. Jaribio la kwanza injini ilikohoa, la pili ikawaka. Aliinama juu ya boneti, mikono imejaa grisi, akaniuliza sauti ile ya pembeni ni ya nini.

“Sikiliza kwanza,” nilimwambia.