Dodoma 2014: Ugomvi wa namna ya kupiga kura

Bunge Maalum la Katiba lilipokutana Dodoma Februari 18, 2014, wengi walitarajia ugomvi wa Muungano kuwa wa serikali mbili au tatu. Ugomvi huo ulikuja, lakini ulitanguliwa na mwingine ambao leo hautajwi sana: mjumbe apigeje kura? Jina liitwe naye ajibu "ndiyo" au "hapana" wenzake wakisikia, au aandike kwenye karatasi na kuitumbukiza kwenye sanduku?

Ukiacha posho ya Sh300,000 kwa siku, ambayo baadhi ya wajumbe waliona haitoshi na wananchi wakaona ni kufuru, hakuna jambo lililowachemsha zaidi wajumbe katika majuma yale ya mwanzo. Mwenyekiti wa muda, Pandu Ameir Kificho, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, alikuwa na kazi ya kuliongoza Bunge ambalo halikuwa na kanuni, ili litunge kanuni. Vifungu vingi vilipita. Vya 37 na 38, vilivyohusu upigaji kura, vikagoma, ikabidi viwekwe kando ili shughuli nyingine ziendelee.

Wajumbe wa chama tawala, CCM, walitaka kura ya wazi. Hoja yao ilikuwa kwamba mwakilishi hana sababu ya kumficha aliyemtuma. Wapinzani walitaka ya siri, wakisema mjumbe atakayekwenda kinyume na chama chake ataandamwa. Hoja zote mbili zina uzito, na katika nchi nyingine zingejadiliwa kwa utulivu. Pale Dodoma kila mtu alijua kilicho nyuma yake. Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza shirikisho la serikali tatu, msimamo wa CCM ulikuwa mbili, na swali lilikuwa ni wana-CCM wangapi, hasa wa Zanzibar, wangeifuata rasimu iwapo hakuna anayewatazama.

Zanzibar ndiyo iliyokuwa kiini cha hesabu. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilidai kila ibara ipate theluthi mbili ya wajumbe wote wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Si jambo geni, kwa kuwa Ibara ya 98 ya Katiba ya 1977 inaweka sharti la aina hiyo kwa mambo ya Muungano. Bara CCM haikuwa na wasiwasi. Upande wa Zanzibar, wenye wajumbe wapatao 220, chama cha upinzani cha CUF kilikuwa na nguvu kubwa, na kura chache zingeweza kuizamisha katiba nzima.

Samuel Sitta alichaguliwa mwenyekiti katikati ya Machi, na utulivu haukuja naye. Machi 17 Warioba alipotaka kuwasilisha rasimu, wajumbe wa upinzani waligonga meza na kupiga kelele wakibishia utaratibu, hadi kikao kikaahirishwa. Mzee akarudi kesho yake. Mwishoni mwa mwezi ikapatikana suluhu ya kura: anayetaka ya wazi na apige ya wazi, anayetaka ya siri na apige ya siri. Ilisifiwa kuwa ni busara. Kwangu ilikuwa kiini macho. Ikiwa wenzako wote wa chama wanajibu kwa sauti, wewe ukaomba karatasi, siri yako imebaki wapi?

Aprili 16, baada ya Profesa Ibrahim Lipumba kuhutubia, wajumbe wa UKAWA, yaani CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na waliowaunga mkono, wakatoka nje. Katika Seneti ya Marekani, anayetaka kukwamisha muswada huruhusiwa kuzungumza mpaka achoke. Mwaka 1957 Seneta Strom Thurmond alisimama kwa zaidi ya saa 24 kupinga muswada wa haki za raia. Dodoma muda wa kila msemaji ulipimwa, kwa hiyo silaha iliyobaki ilikuwa mlango. Tena haikuwa silaha butu. Theluthi mbili ilihesabiwa kwa wajumbe wote, si kwa waliohudhuria, hivyo kiti kitupu kilikuwa sawa na "hapana".

Hesabu yao ilikuwa sahihi, ila walilipa gharama kubwa. Bunge liliporejea Agosti 5 bila wao, rasimu ya Warioba haikuwa na watetezi wa kutosha, na serikali tatu zikaondolewa. Wakati huohuo kanuni zikaguswa tena, safari hii ili wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wakiwamo waliokwenda Hija Makka, nao waweze kupiga kura. Hapo ndipo unapoona ni kwa kiasi gani kila Mzanzibari mmoja alikuwa akitafutwa.

Upigaji kura ulianza Septemba 29. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alichagua kura ya wazi na kuzikataa hadharani baadhi ya ibara. Alizomewa ukumbini, na siku chache baadaye akaondolewa kwenye wadhifa wake. Wale waliokuwa wakidai kura ya siri tangu Februari hawakuhitaji mfano mwingine.

Oktoba 2 ilitangazwa kwamba theluthi mbili imepatikana pande zote, Zanzibar ikivuka kwa kura chache tu. Ukumbini wakaimba na kucheza. Katiba Inayopendekezwa ilikabidhiwa Oktoba 8, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapigakura haukuwa umekamilika, na haijafanyika hadi leo. Kila mjadala wa Katiba mpya unapofufuka, watu huulizana tuanzie rasimu ya Warioba au ile ya Sitta. Wanaouliza wajumbe watapigaje kura safari hii ni wachache.