Wenyeji wa Njia ya Kigoma

Oktoba 1871 David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi, alifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa hoi, amekonda, hana kitu. Bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zilikuwa zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Said bin Majid, akamwendea akamwambia kwamba hana bidhaa ila ana pembe za ndovu. Livingstone akikubali tu, yeye atauza baadhi ampe bidhaa. Livingstone alishukuru, akasema asubiri kwanza. Siku chache baadaye Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akaingia na msafara wake, na ndiye anayekumbukwa kila Ujiji inapotajwa. Mimi namtaja Said bin Majid kwanza, maana bila watu wa aina yake njia ile ya misafara kutoka pwani isingepitika.

Mwenyeji wa zama hizo hakuwa muuza kitanda. Alikupa pa kulala, akakutafutia wapagazi, akakueleza mtemi gani anadai hongo, yaani ushuru wa kupita, kiasi gani, na kubwa zaidi alikudhamini: ukiharibu, yeye ndiye aliyeulizwa. Kule Kazeh, Tabora ya leo, Snay bin Amir aliwafanyia hayo wavumbuzi Burton na Speke mwaka 1857. Na kabla yao, Waha na Warundi walikuwa wakishuka kufuata chumvi ya Uvinza, ambayo imechemshwa pale kwa zaidi ya miaka 1,000. Nao walilala kwa watu.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zilibaki na njia za miguu, baadaye barabara ya vumbi. Gesti zilikuja taratibu. Zilishamiri hasa baada ya 1993, wakimbizi wa Burundi walipofurika na mashirika ya misaada yakafuata, madereva na wauguzi wakihitaji vyumba. Majambazi nao walichangia: kuna miaka mabasi ya njia hii yalisindikizwa na askari wenye bunduki, na giza likiingia hakuna aliyethubutu kuendelea.

Anayeingia gesti ya huku hupewa ndoo ya maji ya moto, chandarua, na kandambili zilizokatwa ncha ili zisiibwe. Kabla ya funguo, kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sahihi. Polisi huja kukikagua. Sehemu kama Nyabibuye, jirani na mpaka wa Burundi, mstari mmoja wa kitabu hicho una uzito, na mhudumu anayekiandika hufanya kazi ileile ya Said na Snay: anajua nani kalala, na ataulizwa. Tofauti ni kwamba mwenyeji wa zamani alimjibia mgeni wake mbele ya mtemi. Wa leo huijibu serikali kuhusu mgeni. Hilo linanisumbua, ingawa sioni namna nyingine mpakani.

Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, na lami imezidi kusogea. Wengi watapita Kibondo wamelala vitini, bila kuhitaji gesti. Naziomba halmashauri za Kibondo, Kasulu na Kakonko zikusanye vitabu vya wageni vya miaka ya 1990 vilivyobaki katika makabati ya gesti, zivihifadhi kama nyaraka nyingine za wilaya, kabla mchwa hawajavimaliza.